Mama Lishe Asiyevuka Maji

Ukifika kwenye banda lake na njaa yako, hupewi sahani. Unaulizwa kwanza jina.

"Jina?" anasema, upawa ukiwa hewani. Hata kama ulikula kwake jana na juzi, hata kama ni wewe uliyemletea kuni asubuhi hiyo, utalitaja. Wageni walikuwa wanadhani ni askari kanzu. Kuna fundi mmoja wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, aliyekuja kutoka Singida akamjibu kwa hofu, "Kwani nimefanya nini, mama?" Akaambiwa, "Hujafanya kitu, na hutakula kitu, mpaka useme."

Sote tulimwita Mama Lishe. Wauza chakula walikuwa wengi pale maduarani, maana penye mashimo ya dhahabu hapakosi watu wenye njaa, lakini ukisema Mama Lishe bila kuongeza neno, ulimaanisha yeye. Banda lake la miti na turubai lilikuwa nje kidogo ya Kharumwa, kati ya mashimo na makarasha. Mimi nilikuwa naponda mawe kwa nyundo hatua ishirini kutoka jikoni kwake, wanangu mapacha Kulwa na Doto wakicheza kwenye kifusi, na kwa miaka kumi na moja nilisikia sauti yake zaidi kuliko nilivyosikia ya mume wangu. Sijutii.

Alikuwa mwanamke wa kuweza kila kitu. Aliweza kubeba gunia la mkaa kichwani huku anagombana na mtu wa upande wa pili wa barabara. Aliweza kuamua ugomvi wa wachimbaji wawili wenye sururu mikononi kwa kuwaambia tu kwamba maharage yanapoa. Jambo moja lilimshinda: kuvuka maji. Na ng'ambo ya maji, kisiwani Kome, alikuwa na dada yake mkubwa, ndugu yake pekee aliyebaki. Walikuwa wanapigiana simu kila Jumapili, wanacheka, wanatukanana, halafu akikata simu anabaki kutazama sufuria. Miaka ilikuwa inakwenda na hawajaonana uso kwa uso tangu siku ile ya meli.

Ya meli nitayasema kama alivyonisimulia, kwa vipande, maana hakuwahi kuyasimulia yote kwa mkao mmoja. Alikuwa anarudi bara kutoka kumtembelea huyo dada. Dada alimsindikiza mpaka gatini, akampa kapu la samaki wakavu, akasimama kupunga mkono. Meli ikaondoka asubuhi na mapema, imejaa watu na matenga ya nyanya na kuku. Jua halijapanda sana, ikalala upande. Kwa nini, wapo waliosomea hayo. Yeye hakujua, na hakupenda kubahatisha. Alichojua ni kwamba alikuwa ndani ya maji, na baadaye mkono wa mtu asiyemjua ukamvuta kwa ukosi wa gauni mpaka ndani ya boti dogo la uokozi, la rangi ya machungwa.

Wengi hawakurudi siku ile. Hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja, na huyu alikuwa mtu wa kufanyia mzaha kila kitu. Kila mwaka, siku hiyo ikifika, alikuwa hawashi moto. Anakaa kwenye kiti nje ya banda kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sisi tulikuwa tunapita mbali tukiwa na njaa zetu bila kulalamika.

Lakini ya botini aliyasimulia kwa furaha kabisa, na ilinichukua muda kumwelewa. Walikuwa watu kumi na wanne, hakuna anayemjua mwenzake, wamelowa, wanatetemeka, wengine wameanza kusinzia ule usingizi mbaya. Akaona wakinyamaza watakwisha. Basi akaanza kuwauliza majina, mmoja mmoja, kwa zamu, na kila aliyetaja jina alitakiwa aseme atakula nini akifika nchi kavu. Akimaliza wa kumi na nne anarudi kwa wa kwanza. Walizunguka hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwanamume mmoja mwenye suti alikataa, akasema ule ni upuuzi. Zamu ya tatu akasema ndizi kwa nyama, na zamu ya nne akaongeza kwamba nyama iwe ya mbavu.

Kuna mzee wa makamo aliyekuwa amechagua michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, iliyopikwa na karanga. Zamu moja hakujibu. Mama Lishe akamfinya paja. "Baba Michembe! Jina?" Akamfinya tena, kwa kucha. Yule mzee akafungua jicho moja akasema, "Nipo, binti yangu. Nilikuwa natafuna." Boti zima likacheka, yeye mwenyewe akacheka mpaka akalia, na aliniambia kwamba hajawahi kucheka namna ile tena, ingawa amejaribu.

Wote kumi na wanne walifika. Boti lilisukumwa na upepo mpaka kwenye kambi ya wavuvi, wakavutwa ufukweni na watu waliokuwa wanaanika dagaa.

Basi sasa mnaelewa menyu yake. Sisi tulidhani ni ukaidi tu kwamba Jumatatu lazima iwe makande na Alhamisi lazima iwe michembe kwa karanga, hata soko likiwa halina karanga. Ile ilikuwa orodha ya botini. Jumanne kisamvu, cha muuguzi mmoja. Jumatano ndizi kwa nyama, za yule mwenye suti. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ilikuwa wali maharage, kwa sababu watu sita walichagua wali maharage. "Wanakufa, na bado hawana ubunifu," alikuwa anasema huku anatikisa kichwa. Wanne kati ya wale watu walishafika bandani kwake kwa miaka tofauti, kila mmoja akala siku yake, na mwenye suti alipokuja hakuwa na suti, alikuwa na baiskeli na matenga mawili ya kuku.

Mimi nilimtania mara nyingi kwamba mtu aliyeokoka kwa kuomba chakula hapaswi kuwa mchoyo wa chumvi. Maana alikuwa mchoyo wa chumvi, hilo lazima niliseme. Angekuongezea ugali mara tatu bila kuombwa, lakini kopo la chumvi alilificha chini ya kanga. Alikuwa anachukia uongo kiasi cha kumfukuza mtu bandani, halafu anakwambia maharage yameiva na unayasikia yanagonga meno. Alisema haogopi maji, ila "hayapendi". Mvua ikinyesha alikuwa anatoka nje anacheza peku kwenye matope kama bibi harusi, lakini lambo la kunyweshea ng'ombe, ambalo maji yake hayafiki kiunoni, alilizunguka kwa mbali. Ndoo ya kuogea aliijaza nusu. "Inatosha," anasema. "Mimi nilishaoga ziwa zima."

Kifo nacho alikizungumzia kama mtu anavyozungumzia hoteli mbaya aliyowahi kulala. "Kufa nilishakufa," alikuwa anawaambia wachimbaji wakianza kujisifu kwamba hawaogopi shimo. "Matanga yangu nimeyaona kwa macho yangu. Nyama haikuiva."

Na ni kweli aliyaona. Pale kambini kwa wavuvi hapakuwa na simu, na yake ilikuwa imebaki ziwani, hivyo ilimchukua siku nne kufika nyumbani, mara mtumbwi, mara lori la dagaa, mara miguu. Huku nyuma kwao walishasikia meli imezama, wakamtafuta bila kumpata, wakaanza matanga. Sasa, kwetu matanga yana watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana: anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza mwendo na maneno mbele ya wafiwa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Mtani wake Mama Lishe alikuwa muuza nyama, jitu refu lenye sauti ya fisi. Akavaa gauni lake la maua, akapachika mto nyuma, akaanza kuzunguka uwanja akiwakaripia watu: "Wewe! Kaa vizuri! Miguu hiyo! Nani kamaliza karanga zangu?"

Mama Lishe akafika wakati huo huo, amejifunga kanga ya kuazimwa, akasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyegeuka, wote walikuwa wanamtazama yeye wa kuigizwa, kule mbele. Aliniapia kwamba kwanza alifurahi, kwa sababu jamaa alikuwa anaigiza vizuri. Alicheka na wenzake. Lakini muuza nyama akanogewa, akasema, "Marehemu mimi nilikuwa mchoyo, chumvi nilikuwa nalala nayo!" Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Mchoyo mwenyewe! Na mimi sitembei hivyo!"

Watu walikimbia mpaka wakapita kwenye mahindi. Sufuria zikapinduka. Muuza nyama hakuweza kukimbia kwa sababu ya gauni, akakaa chini na mto wake, akajifunika uso. Mama yake mzazi peke yake ndiye ambaye hakuondoka. Alisogea, akamshika mkono, akaunusa, akatangaza kwa wote waliojificha, "Ananuka dagaa. Ni mzima." Halafu ndipo akaanguka kifuani kwake na kulia, kilio ambacho siku zote nne alikuwa amekizuia.

Muuza nyama alikataa kurudisha gauni. Alisema kilichochukuliwa na mtani matangani ni cha mtani, na kama marehemu hajaridhika aende akafe upya, kwa utaratibu. Kwa hiyo kila sikukuu ya Pasaka alikuwa anakuja bandani amelivaa, ndevu na yote, anakaa benchi la mbele na kuagiza chakula cha bure. "Jina?" Mama Lishe anamuuliza. Naye anataja jina la Mama Lishe. Niliwahi kuwaona wanaume wazima wakidondosha sahani kwa kicheko.

Nisidanganye kwamba yote yalikuwa vicheko. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mchana mmoja, watu walikuwa wamekula na kuanza kurudi kazini, nikamwona Mama Lishe ameweka upawa chini. Kulikuwa na mchimbaji kutoka Bariadi, kijana mkimya wa kula haraka. Asubuhi alikunywa chai, akataja jina. Mchana jina lake halikusikika. Mama Lishe akaacha chungu motoni, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaenda mpaka mdomoni mwa shimo.

"Nani kamwona wa Bariadi?"

"Ameenda mjini huyo, mama," wakasema. "Alisema ana safari."

"Hajaenda mjini. Viatu vyake vipya ameviacha kwangu. Mtu aende mjini na ndala, viatu vipya viko hapa? Shukeni."

Walinung'unika, lakini walishuka, kwa sababu kubishana naye kulikuwa kazi kubwa kuliko kushuka. Udongo ulikuwa umeporomoka kwenye njia ya pembeni ambayo siku hiyo hakuna mwingine aliyepita. Walichimba kwa mikono na masepetu mpaka jua likaanza kushuka, na mimi nilitafuna kucha zangu badala ya kuponda mawe. Walipomtoa alikuwa mweupe wa vumbi, mguu umevunjika, anapumua. Mama Lishe akamwinamia.

"Jina?"

Kijana akalitaja, kwa sauti ndogo.

"Utakula nini?"

"Makande, mama."

"Leo ni Jumanne," akasema, akageuka haraka kwenda kuloweka mahindi. Baada ya siku ile hakuna aliyemcheka kwa kuuliza majina. Hata wenye mashimo ya jirani walianza kuandika majina ya wanaoshuka, kwa chaki, kwenye bati.

Mimi niliondoka maduarani watoto walipoanza sekondari. Nikahamia Kahama, nikafungua duka la vitenge, na Mama Lishe tukabaki watu wa simu. Mwaka huu, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, akanipigia saa za asubuhi, nikajua kuna jambo kwa sababu hakunitania hata kidogo.

"Mama Kulwa. Dada yangu amejenga."

"Hongera zake."

"Ana chumba ameniwekea. Kitanda kipo, chandarua kipo. Anasema mguu wake umekufa ganzi, hawezi kuja bara tena. Nisipofika mwezi huu atakifugia mbuzi."

"Mbuzi?"

"Chumba changu, Mama Kulwa. Mbuzi. Nataka kwenda. Naogopa. Nisindikize, wewe mdomo wako haunyamazi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote kutumia neno lile, naogopa. Nililia kidogo nikiwa peke yangu kati ya vitenge, halafu nikafunga duka.

Nilimkuta Kharumwa stendi amevaa boya. Alikuwa amelishona mwenyewe, vipande vya godoro ndani ya mfuko wa salfeti, kamba mbili mbele, na alilivaa kuanzia nyumbani kwake. Tukapanda gari la kwenda Sengerema hivyo hivyo. Abiria mmoja mwenye majogoo akamwuliza, "Shikamoo mama. Samahani, ziwa liko wapi?"

"Marahaba. Liko mbele," akamjibu. "Wewe subiri tu."

Kivukoni alisimama. Chombo kilikuwa safi, wafanyakazi wanapanga watu kwa adabu, maboya ya kutosha ukutani, naye aliyahesabu yote kwa kidole bila kusema. Lakini miguu haikwenda. Mfanyakazi akamwambia kwa upole, "Mama, karibu, nafasi ipo," na akatikisa kichwa. Watu wakampita, pikipiki zikampita, gari la soda likampita. Nikamwona amevaa uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu mdogo kabisa, na nikaogopa kwamba tutarudi Kharumwa na boya letu, na mbuzi wataingia chumbani, na Jumapili wataendelea kucheka kwenye simu mpaka mmoja wao asipokee.

Sikuwa na maneno ya hekima. Nikasema lililonijia.

"Maharage yako hayajawahi kuiva."

Akageuka. "Nini?"

"Miaka kumi na moja nimekula maharage mabichi. Nilinyamaza kwa heshima tu."

"Wewe! Wewe uliyekuwa unalamba sahani!"

"Nilikuwa natafuta chumvi."

Nikaanza kutembea kuingia kivukoni, na yeye akanifuata ili anijibu. Alinijibu wakati wanafunga mlango. Alinijibu wakati injini inaunguruma. Nilimtukania kisamvu, nikamtukania makande, nikasema michembe yake inaweza kuezekea nyumba, naye macho ameyafumba, mikono imebana chuma mpaka vidole vimepauka, anajibu hoja kwa hoja. Abiria wakagawanyika, wengine upande wangu, wengine wake. Mwanamke mmoja wa kisiwani akasimama katikati kama hakimu akitaka kujua maharage hayo yalilowekwa saa ngapi. Mawimbi yalipotikisa chombo alipiga kelele moja tu, "Eh!" halafu akaendelea, "Na karanga ulizokuwa unaniibia je?"

Tulipofika nilikuwa sina sauti. Akafumbua macho, akaona miti, akaona watu wa ng'ambo wakisubiri, akasema, "Tayari?" kana kwamba nimemdhulumu.

Mlango ulipoteremshwa, nikaona mwanamke mwenye mvi anatimka mbio kutoka juu ya kilima. Kanga imedondoka, viatu ameviacha njiani, anapangua watu na baiskeli, anapiga yowe la jina ambalo mimi sitaliandika. Alikuja kwa kasi hiyo hiyo mpaka akamgonga Mama Lishe kifuani, boya likawakinga wote wawili wasiumie.

Walikaa hivyo muda mrefu. Nikashika mizigo na kutazama pembeni, nikijifuta macho kwa kitenge kipya cha dukani. Mwishowe Mama Lishe akamsukuma dada yake kidogo, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Mguu je?"

"Mguu gani?"

"Uliokufa ganzi."

Dada akatazama miguu yake yote miwili, peku, ina vumbi, mizima kabisa. Akainamisha kichwa. Akasema kwamba tangu asubuhi ile aliyopunga mkono gatini, akaona meli inalala kwa mbali, naye hajakanyaga chombo cha majini. Hakuwahi kwenda bara hata kununua sukari. Angesemaje? Ikiwa mdogo wake aliyezama hakuwahi kusema anaogopa, yeye aliyesimama nchi kavu angeanzia wapi?

"Miaka yote hii," Mama Lishe akasema polepole, "mimi nakaa kule naona haya, na wewe unakaa huku na mguu wa uongo?"

Wakatazamana. Halafu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, baadaye mpaka wakakaa chini kwenye mchanga, na wabeba mizigo wakaweka magunia chini kuwasubiri. Tulilala siku tatu kwenye nyumba ile mpya. Siku ya nne dada alisema naye anataka kuiona hiyo Kharumwa inayosifiwa, kabla ujasiri haujaisha. Tukapanda kivuko cha mchana. Nilikaa katikati, dada kulia, Mama Lishe kushoto, kila mmoja amenibana mkono kwa jasho lake, macho yao yamefumbwa, na wote wawili kwa pamoja wakaniambia nianze na maharage.